Mizinga Kwenye Mstari

Nilipata A. Naanza na hilo kwa sababu kwetu mtu akisema amesoma, watu huuliza kwanza alipata nini, na mimi sipendi kusumbuliwa. Nilipata A katika kazi ya vitendo ya mwaka wa pili chuo kikuu, somo la maendeleo ya jamii, na mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Bora sana. Mfano wa kuigwa." Karatasi hiyo ninayo mpaka leo kwenye sanduku la bati. Panya wameitafuna kona mbili lakini neno "bora" wameliacha. Hata panya wana adabu zao.

Mjukuu wangu naye yuko chuo kikuu sasa, anasomea maendeleo ya jamii na ujasiriamali. Akija likizo ananieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, kwamba mwananchi anatakiwa kutumia rasilimali zilizopo katika mazingira yake. Nami naitikia, "Ehee, kumbe!" Simwambii kwamba hayo tuliyasoma kabla mama yake hajazaliwa. Siku hizo neno ujasiriamali lilikuwa halijaingia, na lingeingia lingekamatwa mlangoni. Sisi tuliita miradi midogo ya uzalishaji mali ya kijiji kwa msingi wa kujitegemea, na jina lilikuwa refu kuliko miradi yenyewe.

Mhadhiri wetu alikuwa mwananchi mwenzetu, mzaliwa wa mjini, aliyekwenda Ulaya kusomea vijiji vya Afrika. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Alivaa makatambuga ya matairi kuonyesha kwamba yuko pamoja na wakulima, na gari lake aliliegesha nyuma ya jengo. Ubaoni alichora maduara mawili, moja la watu na moja la rasilimali, kisha akachora mshale kutoka huku kwenda kule. Mshale huo ulikuwa sisi wanafunzi. "Mwanakijiji," alisema, "amezungukwa na utajiri asioutambua." Tukaandika wote. Mimi, binti wa mlina asali wa Unyamwezini, niliyevalishwa sare na kununuliwa madaftari kwa asali na nta tangu darasa la kwanza, niliandika kwamba baba yangu amezungukwa na utajiri asioutambua, nikapigia mstari kwa rula.

Kazi ya vitendo ilikuwa hivi: kila mmoja aende kijijini kwa wiki sita, atafute rasilimali iliyolala, aiamshe, arudi na ripoti. Mhadhiri alisisitiza kitu kimoja tu. Alitaka mabadiliko yanayoonekana. Alitamka "yanayoonekana" huku akifungua macho, tusije tukakosea. Akaniazima na kamera yake, kwa kuwa nilikuwa msichana peke yangu kwenye kundi letu na nilikaa mbele. Wenzangu walininunia siku mbili nzima.

Babu ya babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba meno ya tembo kutoka Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu, kwenye njia ile ile ya misafara ambayo baadaye Wajerumani waliitandikia reli. Mimi nilipanda treni daraja la tatu, nikabeba nadharia kutoka pwani kurudi Unyanyembe. Mzigo wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake na nilijisikia zaidi.

Sasa oneni utaratibu. Kijiji chetu kiko kusini ya kituo cha Tura, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Treni ilisimama Tura asubuhi, nikaiona dirishani njia ya kwenda kwetu, na mwanamke anauza matobolwa pembeni yake, viazi vile vya kuchemsha na kukausha ambavyo nilikuwa nimevikosa mwaka mzima. Sikushuka. Niliendelea mpaka Tabora mjini kutafuta barua ya mkoa ya kuniruhusu kwenda nyumbani kwetu. Barua ilichukua siku nne. Siku ya nne aliyekuwa akitafutwa ni mwenye muhuri, kumbe alikuwa amekwenda Kwihara kuwatembeza wageni kwenye tembe alimokaa yule Mzungu mpelelezi wa zamani.

Nikisubiri muhuri nilipita dukani kwa Mhindi wa karibu na soko, mzee aliyekuwa akinunua asali na nta ya baba tangu mimi sijazaliwa. Katika daftari langu la chuo mzee huyo alikuwa kupe. Nilikuwa na ukurasa mzima juu yake.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Baba hajambo? Asali yake ya mwezi wa sita inakuja?" Kisha akamgeukia mteja aliyesimama pale, akamwambia kwamba asali ya baba yangu anaijua akifumba macho, haina moshi wala maji, na kwamba akiona alama ya baba kwenye debe hafungui kukagua. Akanifungia halua kwenye karatasi nile njiani. Nikaila yote kabla sijafika stesheni. Kupe alikuwa na halua nzuri.

Alama hiyo lazima niieleze. Kwetu kila mlina asali ana alama yake. Anaichonga kwenye mzinga, anaichonga kwenye mti alipoutundika, na mtu mwingine akiiona anapita mbali, hata awe na njaa namna gani. Ya baba ilikuwa mikato miwili na duara, aliirithi kwa baba yake. Mizinga yenyewe ni ya magome ya miti: unalibandua gome zima kama bomba, unaliziba huku na huku, unalitundika juu ya mti porini, kisha unakwenda zako. Hutafuti nyuki. Nyuki wakipapenda watakuja, wasipopapenda utauhamisha mzinga mwenyewe. Baba alikuwa na mizinga thelathini na sita, imetawanyika porini eneo ambalo mtu angelizunguka kwa siku mbili, na hakuna mti aliousahau.

Nilipofika kijijini nilikuta nyumba kwenye mstari. Mwaka mmoja kabla, wakati wa operesheni, watu wetu waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila ukoo na tembe lake, walipakiwa kwenye malori wakashushwa kando ya barabara. Wazazi wangu walikuwa nyumba namba kumi na nne. Mama alinipokea vizuri, akanipikia ugali wa uwele na mlenda, lakini kabla hata sijamaliza kunawa akaanza habari ya lindo lake. Lindo ni pipa kubwa la gome tunalowekea nafaka, na la mama lilikuwa la mama yake, kubwa, mtoto anaweza kujificha humo. Dereva wa lori alikataa kulipakia akisema linachukua nafasi ya watu wawili. Likabaki kule kwenye tembe la zamani.

"Watu wawili wenyewe nani?" mama akauliza. "Mbona walipakia kitanda cha katibu?"

Katibu wa kijiji alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni. Simsemi vibaya, alikuwa mchapakazi. Alipima mistari ya nyumba kwa kamba yeye mwenyewe, na nyumba iliyojitokeza hatua mbili mbele aliibomoa usiku huo huo ikajengwa upya. Shida yake ni kwamba alikuwa amekwisha kuwanyoosha watu wote, akabaki hana cha kunyoosha. Ndipo akaikumbuka mizinga.

Alileta hoja kwenye kamati. Mizinga imetawanyika porini ovyo, alisema, kila mtu na yake, huo ni ubinafsi. Tena wanaume wakienda kulina asali wanapotea wiki mbili, shamba la ujamaa linabaki na wanawake. Mizinga yote ya kijiji iletwe pamoja, ipangwe kwenye mistari minne nyuma ya ofisi, ipigwe namba. Wazee walina asali wakakataa. Wakabishana vikao vitatu. Mwisho mwenyekiti, aliyetaka kwenda kulala, akasema suala hili ni la kitaalamu, lisubiri mtaalamu anayekuja kutoka chuo kikuu. Atakaloliandika ndilo litakalofuatwa.

Mtaalamu alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mzinga nilikuwa sijawahi kuufungua.

Kesho yake asubuhi baba alikuwa uani akishona mzinga mpya kwa vijiti. Baba hakuwa msemaji. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaendelea kushona, halafu akasema bila kuniangalia, "Mama, hiyo kalamu iko kwako." Aliniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Mimi sijapata kukuomba kitu. Watu wamehamishwa na mimi nikahama nao, sikusema neno. Hawa nyuki waandike wabaki kule waliko."

Hapo ndipo ningepaswa kukaa kimya, nikanyoosha mkono nikamsaidia kushika gome. Badala yake nikafungua mdomo. Nikamweleza baba yangu, aliyelina asali miaka arobaini, kwamba rasilimali zilizotawanyika haziwezi kusimamiwa kitaalamu. Nikatumia neno "kuunganisha nguvu". Nikatumia neno "tija". Mungu anisamehe, nilichora maduara mawili kwenye vumbi kwa kijiti, nikachora na mshale.

Baba akayatazama maduara. "Na nyuki wako duara lipi?" akauliza.

"La rasilimali, baba."

"Ahaa." Akavuta kijiti kikaze gome. "Na wao wenyewe wameshaambiwa?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wazee. Nikamwambia nyuki hawahitaji kuambiwa, wanafuata maua, na maua yapo kila mahali. Akaniuliza kama hayo nimeyasoma. Nikasema nimeyasoma. Sikuwa nimeyasoma popote. Kitabu chetu kilizungumzia kuku.

"Kama umeyasoma, basi," baba akasema. Akaweka chini mzinga ule kabla haujaisha.

Ukweli ni kwamba nilijua anachoniomba. Nisijifanye leo kwamba nilikuwa mtoto. Nilijua kwamba nikiandika mizinga ibaki porini, sitakuwa na la kuonyesha. Utapigaje picha mizinga thelathini na sita iliyotawanyika siku mbili za mwendo, kila mmoja peke yake juu ya mti wake? Mabadiliko yanayoonekana yalitaka mstari. Nikakaa ndani ya nyumba namba kumi na nne nikaandika mapendekezo yangu kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri, na kamati ikayapitisha kwa makofi. Baba alipiga makofi pia. Jirani alipomnong'oneza kwamba binti yake amemwangusha, baba alimjibu kwa sauti mpaka nikasikia, "Huyo amesoma. Wewe umesoma?"

Wazee wengine walijikausha. Huyu mizinga yake imeliwa na moto, yule hakumbuki miti iko wapi, mwingine miguu inamuuma. Baba peke yake alileta yake yote. Angefanyaje, na mtaalamu ni mwanawe? Alikwenda porini na vijana wa kijiji, wakakaa huko siku nane wakiishusha na kuiziba midomo kwa nyasi jioni nyuki wakiwa ndani, na kuisogeza kwa mafungu mpaka kambi ya mwisho. Mingi ilikuwa na nyuki. Baba alitaka waiingize kijijini jioni, jua likiwa limetua. Katibu akasema haiwezekani, katibu tarafa anakuja saa nne asubuhi na anataka kuona kazi ikiendelea. Baba akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kamera, maana nayo ilihitaji jua.

Basi mizinga ikaingia kijijini saa tatu na nusu asubuhi, mabegani kwa vijana, kwa nyimbo na vigelegele. Ikawekwa juu ya vichanja vya miti vinavyonifika magotini, mistari minne, tisa tisa. Katibu alipita na kamba yake akihakikisha. Mimi nikapita nyuma yake na kopo la rangi nyeupe, nikiandika namba. Alama ya baba ilikuwa imechongwa mbele, katikati, pale pale ambapo katibu alitaka namba iwe. Nikaipaka juu yake. Ya kwanza nilisita kidogo. Kufika ya kumi nilikuwa nafanya haraka, katibu tarafa alikuwa ameshafika na Landrova yake.

Kwenye kamera mambo hayakupendeza. Kila mzinga ulikuwa na kizibo cha nyasi kimetokeza mdomoni, umbo la kishenzi, na mhadhiri wangu nilimjua. Nikasema nyasi zitolewe.

Nasema tena, kwa sababu miaka mingi niliisimulia hadithi hii nikisema katibu ndiye aliyeagiza. Ni mimi niliyesema nyasi zitolewe, ili picha ipendeze.

Vijana wakarudi nyuma. Baba akaja mpaka karibu yangu, akasema polepole, "Mama, wamefungiwa, wamebebwa, wamesikia ngoma, na jua hili." Nikamwambia, "Baba, ni dakika moja tu." Akanitazama. Halafu akaenda kuzitoa mwenyewe, mzinga mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hakutaka mtoto wa mtu aumwe. Akamaliza mstari wa mbele, akasimama mwisho wake. Nikapiga picha.

Picha ile ilitoka safi. Katibu tarafa anatabasamu, katibu wa kijiji amebana filimbi midomoni, kwaya ya kina mama iko nyuma na vitenge vyao. Mizinga imenyooka utadhani imechorwa. Baba peke yake haangalii kamera, anaangalia mzinga namba moja.

Loo! Kilichofuata sina haja ya kukipamba. Nyuki walitoka. Kwaya ilikata wimbo kwenye kibwagizo na sijapata kuona kina mama wazito wakikimbia namna ile. Katibu wa kijiji alipuliza filimbi, nadhani kuwaita nyuki wajipange, kisha akajitosa kwenye pipa la maji ya ofisi akabakiza pua. Katibu tarafa aliingia kwenye Landrova akapandisha vioo haraka, na nyuki kiasi cha kutosha wakiwa naye humo humo. Gari lilianza kutikisika likiwa limesimama. Mwenyekiti, ambaye miguu yake ilikuwa haimruhusu kwenda shambani, aliruka ua wa mabua. Kwa juma zima kijiji hakikuwa na mtu mwenye sura yake, na mama alikuwa anawasalimia watu kwa kuwatambua nguo.

Mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa nyuma ya ofisi walikufa. Mtu hakufa, kwa sababu baba hakukimbia. Alibaki katikati ya mistari ile na kienge cha moshi, akiziba midomo kwa matope, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakatulia. Alirudi nyumbani macho yamefunga kabisa. Mama alimtoa miiba kwa ukucha mpaka jua likatua, na hakusema neno na mimi, jambo ambalo kwa mama yangu lilikuwa kubwa kuliko matusi.

Nyuki walianza kuondoka siku ya tatu, mizinga ilipozibuliwa. Unasikia mvumo, unatoka nje, unaliona kundi zima linapanda juu kama moshi, linaelekea porini. Asubuhi mzinga namba nne, mchana namba tisa na kumi. Wachache waliobaki siafu waliwapandia kwenye vichanja vyangu vya magoti, maana porini mizinga hukaa juu na juu kule kuna sababu yake. Kila kundi likiondoka baba alikuwa anasimama mlangoni, uso umevimba, akigeuza sikio kulifuata, maana macho yalikuwa bado. Siku ya kumi na mbili mizinga yote thelathini na sita ilikuwa magome matupu yenye namba nzuri nyeupe.

Nami nikaandika ripoti. Nilieleza hali ya kijiji, mwamko wa wananchi, ushirikiano wa viongozi, mistari, vipimo vya kichanja, na nikabandika picha. Ripoti ilikuwa na kila kitu isipokuwa nyuki. Kwenye "matatizo yaliyojitokeza" niliandika kwamba kulikuwa na changamoto ndogo za mpito. Naona aibu kuliandika hata sasa. Mpito!

Mwaka uliofuata nikarudi likizo ndefu na karatasi yangu yenye A. Nikapitia Tabora kwa makusudi, nikaingia dukani kwa yule mzee Mhindi, nadhani nilitaka mtu wa kunisifu. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Asali ya baba mwaka huu vipi? Nimeweka madebe." Yalikuwa pale nyuma yake, yameoshwa. Nikamwambia nitamfikishia salamu. Alinifungia halua tena. Safari hii ilifika mpaka Tura na sikuila.

Kijijini kuku wa katibu alikuwa anaatamia ndani ya mzinga namba saba. Mingine kina mama wa jirani waliitumia kuwashia moto, magome makavu yanashika haraka. Baba alikuwa amekonda, anakwenda shamba la ujamaa filimbi ikilia na kurudi filimbi ikilia. Nikamwonyesha karatasi. Hakujua kusoma, lakini aliishika kwa mikono miwili kwanza akaipangusa. "Huu wino mwekundu," akauliza, "ni mzuri?" Nikamwambia ni mzuri sana, baba, hakuna aliyepata zaidi. Akafurahi. Nawaambieni alifurahi kweli, akatoka nje akamwita jirani. Afadhali angenitukana.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, hakuna shamba. Baba akaniambia tutembee kidogo. Tukatembea asubuhi yote mpaka kwenye tembe letu la zamani. Paa lilikuwa limebomoka upande mmoja, majani yameota mlangoni. Baba akanishika mkono tukaingia upande uliobaki, alikokuwa akilala bibi, na kabla sijazoea giza nikausikia mvumo.

Lilikuwa ni lindo la mama. Lile lililokosa nafasi kwenye lori. Limesimama pembeni pale pale lilipoachwa, kifuniko kimekaa upande, na nyuki wanaingia na kutoka. Gome wanalijua. Walikuwa wamelijaza masega mpaka juu. Na kwenye ubavu wake, chini, kulikuwa na mikato miwili na duara, imechongwa karibuni, mbichi bado.

"Walikuja wenyewe," baba akaninong'oneza. "Sikuwaita." Uso wake ulikuwa uso wa baba yangu wa zamani. Akatia mkono pole pole, bila moshi, akamega kipande kidogo cha sega, akanipa. Nikala nimesimama, machozi yakaanza kunitoka, na kamasi nayo. Nikafungua mkoba wangu kutafuta leso.

Baba akauwahi mkono wangu, akaukandamiza ndani ya mkoba kwa viganja vyake viwili. Alidhani natafuta kalamu. Mtu huyu aliyekuwa akijisifia kalamu yangu kwa kila anayeshuka Tura alikuwa ananizuia nisiitoe.

"Mama," akasema, "hawa usiwaandike."